Mkwe wa Bibi Aliyesahau Kiswahili

Juzi nilitoka nyumbani. Naomba habari hii uipokee kwa uzito wake, maana mimi hata kupeleka taka nje huwa najishauri kwanza. Nilipanda basi kutoka Buffalo hadi Columbus kwa ajili ya harusi ya ukoo, na kesho yake tukakaa kwenye mgahawa mmoja wa barabara ya Morse Road, mimi na binamu zangu wawili, tukila mbuzi. Mara televisheni ya ukutani ikamwonyesha Mchina mmoja mwenye mvi za kuanzia, anaimba. Wote watatu tukaacha nyama, tukakaa wima, mikono mapajani. Mhudumu akaja mbio kuuliza kama chakula kina kasoro.

"Chakula hakina neno, dada," binamu wa Louisville akamwambia. "Ni mkwe."

Ngoja nikueleze, usije ukatuona wendawazimu.

Bibi yetu, mzaa mama yangu, alimjua Mchina yule, mwigizaji, tulipokuwa wakimbizi kambini Tanzania, kwenye banda la video nyuma ya soko. Tamthilia za Kichina zilikuwa zimetiwa sauti za Kiswahili, na humo yeye alikuwa kijana mpole aliyeoa yatima. Bibi alipoona harusi imefika na bibi harusi hana mama, hakuvumilia. "Mtoto hana mama? Basi mama yake ni mimi!" Tangu siku hiyo kijana akawa mkwe wake. Na kwa Warundi wa umri wa Bibi, mama mkwe hatafuni mbele ya mkwe. Akitokea tu kwenye kioo, Bibi anajifunika kitenge vizuri, anasukuma sahani pembeni, anakaa kama mtu aliyealikwa.

Tulipoletwa Marekani, hapo Buffalo, tukakaa mtaa wa West Side, ghorofa ya juu ya nyumba ya mbao ambayo ngazi zake zililalamika kuliko wapangaji. Watoto wengine walitoka kucheza kwenye theluji. Mimi nililinda blanketi lisiibwe. Kazi yangu ilikuwa kuchambua maharage na Bibi huku sombe, yaani kisamvu, ikichemka na bomba za joto zikigonga ukutani. Yeye anasimulia, mimi namrudishia "okei". Mwaka wa pili ule, hadithi nzima ya Bibi ilikuwa inapata "okei" moja, na binamu zangu wa Columbus na Louisville hata hiyo waliitoa kwa shida kwenye simu. Bibi alikuwa akisema, "Nimezungukwa na wajukuu, nami naongea na maharage."

Siku moja nikamtafutia mkwe wake kwenye mtandao. Akatokea, akafungua mdomo, kikatoka Kichina. Bibi akashika kifua.

"Wamemfanya nini mtoto wa watu? Kambini alikuwa anasema Kiswahili safi!"

Nikamweleza kwamba kulikuwa na mtu anayemsemea.

"Mtu mwingine ataingiaje kwenye mdomo wa mkwe wangu? Hapana. Amekaa na wageni, amesahau. Kama ninyi."

Nikajibu "okei".

Binamu wa Louisville, aliyejua kusoma habari za kila mtu asiyemhusu, ndiye aliyetuletea mkasa kamili, kwa Kiingereza. Mkwe alikuwa ameanguka kutoka kwenye farasi katikati ya kazi, akavunjika mguu, na nafasi yake akapewa kijana mwingine. Waliomsifu wakamsahau. Akabaki kutangaza tambi. Sasa alikuwa ameingia kwenye shindano la uimbaji, na waamuzi walimcheka: mwigizaji arudi kwa farasi wake. Lakini wiki kwa wiki alikuwa anapenya, hadi fainali.

Mjomba wa Columbus akapiga simu kumchokoza Bibi. "Mama, huyo shemeji wa kwenye kioo akishindwa, utakula ugali mbele yake, tena kwa mikono miwili."

"Nitakula," Bibi akasema. "Lakini akishinda, wewe utamwita shemeji mbele za watu, na wajukuu zangu wa nyumba zote tatu watanijibu kwa Kiswahili. Okei?"

Hiyo "okei" ilituchoma.

Siku ya fainali, kule China ilikuwa jioni, kwetu Jumamosi asubuhi. Mjomba alikuwa ametoka zamu ya usiku ghalani, macho mekundu. Mama mkubwa wa Louisville alikuwa tayari ameshaomba. Simu za nyumba zote tatu ziliwaka kwa video. Chai na maandazi vilipoa mbele ya Bibi. Mkwe akapanda jukwaani akichechemea, akaimba wimbo mmoja wa taratibu, na sisi tusioelewa hata neno tukasogelea kioo. Matokeo yakasomwa. Karatasi za rangi zikamwagika. Mkwe akapiga magoti, akalia. Picha ikaganda hapo hapo.

"Analia!" Bibi akasema. "Wamemshinda?"

Hakuna aliyejua. Mama akaangalia ule ugali uliobaki jana.

Ndipo simu ya Louisville ikapasuka kwa sauti ya binamu yule yule ambaye hatukuwahi kumsikia akisema hata "shikamoo": "Bibi! Mkwe nashinda! Mkwe yako nashinda!"

Bibi akaruka kama msichana. Vigelegele vilipigwa miji mitatu kwa pamoja. Jirani wa chini akagonga dari kwa mpini wa fagio, na Bibi akasema, "Mmesikia? Hata yeye anapiga ngoma." Mjomba akasafisha koo: "Hongera, shemeji." Ikabidi arudie, kwa sababu Bibi alidai hakusikia. Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe, unasemaje?"

Nikafungua mdomo. "Nimefurahi, Bibi," nikasema, na akaniomba niseme tena, polepole, kama anaonja mchuzi.

Nyumba ile ya mbao sasa imepakwa rangi ya kijivu na inakaliwa na watu wengine. Bibi tulimzika akiwa ameshatuzoeza kubishana naye kwa Kiswahili, na hakuwahi kushindwa. Sombe ninayopika mimi, ni bora nisiitaje.

Pale mgahawani wimbo ukaisha. Tukavuta sahani, mbuzi alikuwa ameganda mafuta.

"Anaimba vizuri bado," binamu wa Columbus akasema.

"Sana," akajibu wa Louisville, akitikisa kichwa kwa huruma ya kweli. "Ila Kiswahili, jamani, kimempotea kabisa."