Sharti la Siku Thelathini

Jamani, mfumo niliouchora kwa mkono wangu ulimfuta shangazi yangu. Na haukukosea hata kidogo.

Kazi yangu ni kuchora mifumo ya kompyuta kabla haijajengwa. Kwa kila shughuli naandika sharti: ikishakwisha, nini lazima kiwe kweli. Namna ya kufika huko namwachia fundi wa programu.

Hospitali ya macho ilitaka foleni ya upasuaji ipangwe upya kila asubuhi. Nikaandika: baada ya kupanga, asiwepo kwenye foleni mtu aliyesubiri zaidi ya siku thelathini.

Mkurugenzi akanipa mkono. Nikavimba kichwa wiki nzima.

Sasa shangazi, aliyenilea tangu nina miaka minne, alikuwa kwenye foleni hiyo. Jicho moja lilishazima, la pili lilikuwa linafuata. Daktari alisema asivuke miezi miwili bila upasuaji.

Akanipigia simu. "Mwanangu, nimekwenda kuulizia zamu yangu. Wanasema hawanijui."

"Hawakujui vipi, shangazi?"

"Si ndiyo nakuuliza wewe msomi!"

Mbio kwa fundi. Nikamkuta anakunywa chai.

"Aliyepitisha siku thelathini unampeleka wapi?"

"Namtoa."

"Unamtoa unampeleka wapi?"

"Simpeleki popote. Sharti lako linasema asiwepo. Hayupo."

Nilitaka kumrukia. Nikasoma sharti langu mara tatu. Jamaa alikuwa sahihi, mjinga nilikuwa mimi, tena mjinga mwenye cheti.

Tukarudisha majina arobaini na moja yaliyofutwa. Nikaongeza mstari: kila aliyekuwepo kabla awepo na baada, isipokuwa aliyeshafanyiwa upasuaji.

Kesho yake mfumo ukagoma. Ukaandika: masharti yote mawili hayatimiziki kwa pamoja.

"Umeuharibu!" mkurugenzi akafoka.

"Hapana, mkuu. Madaktari wawili wa upasuaji ulio nao hawatoshi. Siku zote hawatoshi, ila tulikuwa hatuoni."

Akanuna siku mbili, kisha akaleta wa tatu.

Shangazi alipofunguliwa bandeji nilikuwa mbele yake. Nilishamweleza kila kitu. Akanikazia macho weee.

"Kumbe ndiyo sura iliyonifuta," akasema, akacheka mpaka muuguzi akamkataza.

Mimi sikucheka. Wale wengine arobaini nilikuwa nimewapigia simu mwenyewe. Sita walisema niwaache tu, wameshazoea giza.

Ndugu zangu, ukiagiza matokeo, taja na nani asipotee njiani. Mimi nililijua hilo kwa sababu tu mmoja wao alikuwa na namba yangu.