Siku Nilipoitilia Mawese Bunduki ya Upepo

Musicheke kwanza, mungoje nimalize, maana najua humu kambini Nakivale habari ile ilifika kabla yangu, na wale wanaonipita sokoni wakinusa hewa, "mmm, nani anakaanga?", nawajua mmoja mmoja. Aibu niliyoipata siku ile kule Nyamitanga, mimi Mama Neema, mutu mzima mwenye wakwe, sikuwahi kuipata tangu nizaliwe kule Fizi, na yote ilitoka kwa tone la mafuta.

Kila Jumamosi napeleka ndagala, dagaa wetu, Mbarara, na nikiisha kuuza navuka mto Rwizi kwenda Nyamitanga, kwenye kiwanja cha watu wanaopiga shabaha kwa bunduki ya upepo (si ile ya vita jamani, hii unakunja mtutu, springi inajikaza, ukivuta inasukuma hewa na kile kirisasi kidogo kinaruka). Nilianza kwa kuwauzia ndagala, nikaishia kulala tumboni kwenye mkeka nikilenga karatasi iliyo mita hamsini. Ndiyo, mimi. Baba Neema aliposikia alicheka mpaka akakaa chini.

Aliyenifundisha ni mwanajeshi mstaafu, sote tunamwita Afande, na Kiswahili chake ni kile cha kambini. "Mama, hapana tafuta katikati. Tafuta kufanya sawasawa." Shavu fasi ileile, pahali palepale, kwenye mti wa bunduki, pumzi utoe nusu, bunduki ilale juu ya kiganja bila kuikaba, kama mtoto aliyesinzia ambaye hutaki aamke, halafu kidole polepole. Risasi zikianguka zote fasi moja, hata kama ni fasi mbaya, utarekebisha; zikitawanyika, utarekebisha nini? Halafu akaniambia na hili: "Hii bunduki nakula hewa tu. Hapana weka kitu ingine." Nilisikia, siwezi kusema sikusikia.

Sasa siku ile ilikuwa ya mashindano, na kwangu ilikuwa zaidi ya mashindano, kwa sababu kamati ya kiwanja iligawanyika juu yangu, wengine wanasema mkimbizi hawezi kuwa mwanachama na kushika bunduki ya chama, na Afande akasimama mbele yao akasema huyu mama mimi ndiye namjibia, mumwone kwanza akipiga. Mwenyekiti wao, mama mmoja wa kofia kubwa ambaye wote wanamwita Madamu, akakubali: nikionyesha kwamba najua, naingizwa, nikiharibu, basi, nirudie ndagala zangu. Nikaapa moyoni kwamba siku hiyo naingia, wapende wasipende.

Shida, bunduki yangu ilikuwa inalia. Kila ukikunja mtutu, kwiiii, kama mlango wa choo, na wale wadada wa Mbarara wenye miwani ya jua wakageuka kunitazama, nami nikasema hapana, leo sichekwi (eh, sikia hiyo!). Kwenye kikapu nilikuwa na kachupa ka mawese, zawadi niliyokuwa nampelekea mke wa Afande. Na sisi kwetu mawese tunaacha kuyatia fasi gani? Bawaba za mlango, cherehani, ngozi ya mtoto, vyote vinanyamaza. Afande akiwa anasalimia wageni, nikatia tone kwenye kiungo. Halafu, kwa uroho wangu, nikatia mengine kwenye katundu kanakotokea hewa, ili yaingie ndani vizuri. Nikakunja mtutu, kimya kabisa. Nikajisifu.

Tukaitwa kwenye mstari, tukapewa kwanza risasi za kujaribu. Nikavuta.

PAA! Jamani. Bunduki ya upepo husema "tap", lakini yangu ilipasuka kama ya vita kweli, mtutu ukatoa moshi. Kumbe mafuta yamebanwa na springi humo ndani mpaka yakawaka, ila hilo nilikuja kuelezwa baadaye. Harufu ya mawese ikatembea mstari mzima mpaka kwenye hema la wageni, na mutu mmoja akauliza kwa sauti, "Banange, chakula nakuwa tayari?" Watu wakavunjika mbavu. Risasi yenyewe ilipita juu ya ubao ikazama kwenye kifusi cha nyuma. Nikavuta tena, PAA, moshi, juu tena. Ningeinua mkono nikasema ukweli wangenipa bunduki nyingine, lakini niseme vipi neno mawese mbele ya Madamu? Nikashika kile kifungo cha darubini ya bunduki nikashusha, nikashusha, nikashusha, mpaka ile ya mwisho ya kujaribu ikagusa karatasi. Afande nilimwona amejishika kichwa, lakini sheria inamkataza kocha kusema na aliye kwenye mstari.

Wakatundika karatasi mpya, zikaja risasi za kuhesabiwa. Ya kwanza, tap. Hakuna moshi. Mafuta yalikuwa yameungua yakaisha! Na mimi nimeshashusha darubini. Nikatazama karatasi, nyeupe pe. Mkono ukakimbilia kifungo, halafu nikauzuia. Nikajiambia, Mama Neema, umeharibu, na hata hujui risasi imeenda wapi, ukianza kugeuza-geuza sasa utaharibu mara mingi zaidi. Fanya sawasawa tu. Nyuma wanacheka, machozi ya moshi na ya aibu yananitiririka, na mimi shavu fasi ileile, pumzi nusu, mtoto amesinzia. Tap. Nyeupe. Tap. Nyeupe. Nilizimaliza zote, sikutoka kwenye ule mkeka.

Tukaenda kwenye ubao. Karatasi yangu ilikuwa safi kama ilivyotoka dukani. Kicheko chake, achana nacho! Chini ya karatasi zetu lilikuwa limetundikwa bango kubwa la ng'ombe, la mzee mmoja mfanyabiashara wa maziwa kutoka Bwizibwera aliyetoa zawadi za siku ile, naye akalishika akapiga kelele: "Ng'ombe yangu! Huyu mama napiga ng'ombe yangu kwa kiwele!"

Nikatamani ardhi inimeze. Afande akaja polepole, akaweka kidole gumba juu ya kile kiwele, na tundu lote likafunikwa. Risasi zangu zote zilikuwa zimepita fasi moja. Akamwita Madamu kwa mkono, akaondoa kidole, akakirudisha.

Madamu akaangalia kiwele, akaangalia karatasi za wengine, halafu akaninusa (ndiyo, alininusa).

"Pointi yako ni ziro," akasema. "Na mimi naandika ziro. Lakini Jumamosi unakuja kama memba. Na hiyo jikoni yako naacha nyumbani."

Nililia mbele za watu kama mtoto, sijali.

Adhabu yangu ikawa kushona bango. Nilikishona kiwele kwa mkono, kwa kiraka cha kitenge chekundu (sikuwa na rangi nyingine), na mpaka leo linatundikwa palepale. Kila Jumamosi nikilala kwenye mkeka, kabla sijaiona karatasi, naona kwanza kile kiraka. Bunduki bado inalia kwiiii, wadada bado wanageuka kunitazama. Ilie! Mke wa Afande nampelekea mawese yake kwenye bidoni iliyofungwa, na mpaka nifike mlangoni kwake siifungui, hata aniombe nani.