Sweta la Akansasi

Baba yangu alipotea msimu wa kuvuna mahindi, katika ile miezi ya baridi kali pale Sumbawanga, akiwa amevaa sweta jekundu lililoandikwa ARKANSAS kifuani. Mimi nilikuwa kidato cha tatu. Tulikaa mtaa wa Chanji, kwenye nyumba ya matofali ya kuchoma aliyoijenga mwenyewe akiwa bado kazini.

Kazi yake ilikuwa ya ushirika. Tangu nilipopata akili nilimjua kama mtu wa kusindikiza mahindi: anakwenda vijijini, anapanda lori likishapakiwa, analala juu ya magunia, anafika nayo ghalani na kusimama pembeni mpaka yapimwe yote. Halafu ikaja ruksa. Wafanyabiashara binafsi wakaruhusiwa kununua mazao, wakaja na malori yao na mizani yao, ushirika ukabaki hauna kitu, na baba akapunguzwa kazini pamoja na wenzake. Hakulalamika mbele yetu. Ila haukupita muda mrefu akaanza kusahau. Mwanzoni yalikuwa mambo madogo. Aliacha jembe shambani, akamwita mdogo wangu wa kike kwa jina la shangazi. Baadaye ikawa anaamka alfajiri, anavaa viatu na kumwambia mama kwamba atachelewa lori. Mama hakubishana naye. Alimshika mkono, akamkalisha jikoni karibu na moto na kumpa chai, akimwambia lori bado linapakiwa. Siku nyingi hiyo ilitosha.

Ruksa hiyohiyo ndiyo iliyotuletea mitumba. Mwaka ule lilifunguliwa sokoni belo la masweta mazito, mekundu matupu, na kwa baridi ya Ufipa watu waliyagombania. Ukisimama stendi asubuhi uliona wekundu kila upande. Kilichotofautisha sweta na sweta ni maandishi tu, majina ya mahali huko Marekani, nasi tuliyasoma kama tulivyofundishwa kusoma tangu darasa la kwanza, kila herufi na sauti yake: Ilinoisi, Desi Moinesi, Akansasi. Watu wakaanza kuitwa kwa masweta yao. Fundi baiskeli wa mtaa wetu alikuwa Ilinoisi mpaka mimi nikasahau jina lake halisi. Baba akawa Mzee Akansasi, na aliitikia.

Shuleni kwetu kulikuwa na mwalimu wa hesabu wa kujitolea, mwanamke wa Kimarekani. Siku moja alitusikia tukiitana majina hayo akacheka hadi akakaa chini. Akatuambia kwamba kwao ile s ya mwisho ya Ilinoisi haisomwi, wanasema Ilinoi. Desi Moinesi ni Demoin. Kansas inabaki Kanzas. Na Arkansas, alisema, ni Akanso. Hapo tulikataa. Mwenzetu mmoja alimuuliza imekuwaje Kansas isomwe Kanzas, na s yake, halafu Arkansas, ambayo ni Kansas iliyoongezewa herufi mbili mbele, iwe Akanso. Mwalimu alisema ni mambo ya zamani, ya Wafaransa, na kwamba hata wao wenyewe waliwahi kuzozana juu ya jina hilo. Wenyeji wanaita hivyo, basi.

Jioni nilimweleza baba. Ilikuwa moja ya siku zake nzuri. Aliinamisha kichwa akatazama kifua chake, akapitisha kidole juu ya herufi moja baada ya nyingine mpaka mwisho.

“Kama s haisomwi,” akauliza, “waliiandika ya nini?”

Akatabasamu, akaendelea kupukuchua mahindi. Sikumbuki kama tulizungumza tena vizuri namna ile.

Siku aliyopotea, mama alikuwa amekwenda mashineni kusaga na sisi tulikuwa shuleni. Mama aliporudi alikuta mlango wazi na moto jikoni umezimika. Viatu vya baba vya siku zote havikuwepo. Tulizunguka Chanji yote tukiuliza, tukaenda sokoni, stendi, polisi, tukaenda parokiani ili atangazwe baada ya misa. Kaka yangu mkubwa, aliyekuwa na familia yake upande mwingine wa mji, alisema watu wa namna hii hurudi walikozaliwa. Akachukua baiskeli akaelekea kijijini kwa babu, upande wa ziwani. Alirudi akiikokota baiskeli, mnyororo umekatika, midomo imepasuka kwa baridi. Kijijini hakuna aliyemwona.

Ndipo mama akasema tupeleke tangazo redioni.

Nilikwenda posta kupeleka telegramu. Niliandika kwa herufi kubwa jina lake, umri, anakotoka, na sweta jekundu lenye maandishi ARKANSAS, kwa kuwa sweta jekundu peke yake lisingesaidia kitu. Mama alinunua betri mpya. Kila jioni tulikaa tumeizunguka redio, na jioni moja tukasikia jina la baba likisomwa kutoka Dar es Salaam, taratibu, kwa sauti nzito ya mtu aliyesoma. Mtangazaji akamalizia kwamba mara ya mwisho mzee huyo alikuwa amevaa sweta jekundu lenye maandishi Akanso.

Mdogo wangu akauliza Akanso ni nini. Nikamweleza kwamba ndiyo hiyohiyo, ndivyo wenyewe wanavyoisema. Nakumbuka nilifurahi. Niliona kumbe tangazo letu limeangukia kwa mtu mjuzi. Mama alisema mradi limesomwa, sasa nchi nzima imesikia.

Hakuja mtu.

Mama aliacha kula chakula cha jioni. Upepo ukivuma alisimamisha kazi anayoifanya, akatazama nje, akasema yule mtu hana blanketi. Hakufunga tena komeo la mlango. Mara moja mtu mmoja alituambia ameona mzee mwenye sweta jekundu Kasesya, mpakani, anaombaomba kwa madereva. Kaka aliomba nafasi kwenye lori akaenda. Sweta lilikuwa limeandikwa Ohio, na mtu mwenyewe hakuwa mzee, alikuwa Mzambia mwenye pombe kichwani. Kaka alitusimulia hayo amesimama mlangoni, hakutaka kuketi. Mama alimshukuru kwa kwenda. Kisha akaingia chumbani, na mimi nikasikia sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, kama mtu anayenyanyua kitu kisichonyanyulika.

Habari ilitufikia mashineni, tena kwa bahati. Wanawake waliokuwa kwenye foleni walimuuliza mama kuna lolote, naye akajibu kwamba Mzee Akansasi bado hajaonekana. Pale nje kulikuwa na utingo wa lori moja la mahindi, kijana mwenye vumbi hadi kwenye kope, anasubiri dereva wake. Aligeuka.

“Shikamoo mama. Umesema Akansasi? Mbona huyo babu yuko Laela. Anakaa pale kwenye mzani.”

Mtu alitumwa shuleni kuniita. Nilipofika nilimkuta mama ameshika mkono wa shati la yule kijana, na hakuuachia mpaka tulipopanda lori lao.

Tulikwenda mbele, karibu na dereva. Mama alipakata blanketi, viazi vya kuchemsha na viatu vya baba vya kanisani, vitu alivyoagiza viletwe kutoka nyumbani. Njiani utingo alitueleza anachokijua. Babu yule alishuka kutoka kwenye lori la mahindi, hakuna aliyejua la nani. Akakaa karibu na mzani wa wanunuzi. Kila gunia lilipotundikwa alisimama wima, likishushwa anakaa. Alilala kwenye baraza la ghala. Hakumsumbua mtu, na kwa kuwa hakusema jina walimwita Babu Akansasi, kwa lile sweta. Utingo mwenyewe hakuwa amepita Laela kwa zaidi ya wiki. Mama alimwomba arudie maneno hayo, hasa pale kwenye kusimama na kukaa, naye akarudia kwa subira.

Tulifika Laela jua likiwa bado lipo. Watu pale mzanini walipomwona utingo ameshuka na mwanamke mwenye blanketi, waliacha kazi. Mama muuza uji aliyekuwa na meza yake kando ya barabara alikuja akijifuta mikono. Alimwamkia mama, akauliza kama tumekuja kwa ajili ya babu. Mama akasema ndiyo, amemletea viatu. Yule mwanamke alikaa chini, palepale mavumbini, mbele ya miguu ya mama.

Baba alikuwa ameshikwa na vichomi. Walimpeleka zahanati kwa mkokoteni, akalala huko, akafa. Walikuwa wamemzika juzi yake. Katekista alisali, na wapakiaji wa magunia ndio waliochimba.

Mama akauliza kama redio hawakuisikia.

“Tuliisikia, mama,” yule mwanamke alisema. “Mwenye duka aliongeza sauti. Tukamwendea pale alipokaa, tukamulika kwa tochi, tukasoma kifuani herufi moja moja. Tukasema huyu ni wa Akansasi. Anayetafutwa ni wa Akanso.”

Usiku ule walimuuliza tena jina, naye akawatajia lingine kabisa. Aliponitamkia jina hilo nililitambua. Lilikuwa la mwenzake wa ushirika, aliyefariki mimi nikiwa mdogo. Walimuuliza ametoka wapi, akawaambia ametoka na mahindi.

Nilitafuta wa kumkasirikia na sikumpata. Yule mtangazaji alisoma sawasawa. Mama muuza uji naye alisoma sawasawa, kwa tochi, kwa nia njema, usiku wa baridi. Nilimtazama mwenye duka, na mwenye mzani, na wale wapakiaji waliovua kofia, na kila mmoja aliinamisha macho kana kwamba ni yeye.

“Alikuwa anakula?” mama aliuliza.

“Kila asubuhi. Uji, na mhogo nikiwa nao.”

“Alikuwa anamtaja mtu?”

Muuza uji alifikiri. Angeweza kudanganya, na nadhani mama angependa adanganywe. Akasema hapana, alikuwa anazungumza habari za magunia tu, kwa Kifipa.

Walitupeleka makaburini. Udongo ulikuwa bado mbichi, na kwenye msalaba wa mbao mtu alikuwa ameandika kwa rangi nyeusi BABU AKANSASI. Mama hakujua kusoma, akaniambia nimsomee. Nikamsomea. Akasema niandike jina lake. Mwenye duka alituletea kopo lile lile la rangi, nikaandika jina la baba chini ya lile, herufi zikitiririka. Mama aliuliza sweta liko wapi. Muuza uji alisema walimzika nalo, baridi ilikuwa kali. Mama akaitikia kwa kichwa, akaviweka vile viatu vya kanisani juu ya udongo, kisha akaviondoa, akampa mmoja wa wachimbaji, ambaye alikuwa pekupeku.

Kaka alipofika baadaye alitaka tumhamishe, azikwe kijijini pamoja na baba yake. Alibishana na wazee wa ukoo, akalia mbele ya watu. Mama alikataa. Alisema baba amesafiri kwenye malori vya kutosha.

Nilimaliza shule mwaka uliofuata. Sikurudi kumuuliza mwalimu wa hesabu kitu chochote juu ya majina ya kwao. Masweta yale yalichakaa, yakaja mabelo mengine yenye nguo nyingine, na watu wakapata majina mengine. Mama aliendelea kusikiliza matangazo ya waliopotea, jioni baada ya jioni, watoto wa watu na wazee wa watu wa mikoa ambayo hakuwahi kufika. Aliniamuru niyaandike. Jina la mahali nililoandika alitaka nilitamke kwa namna zote ninazoweza kulitamka, naye akazirudia zote kwa sauti ya chini, na kesho yake alikwenda stendi kuwauliza matingo, namna moja baada ya nyingine. Hakumpata hata mmoja. Matangazo yakiisha na taarifa ya habari ikianza, aliizima redio ili kuokoa betri.