Upande wa Pili wa Shuka

Shuka la kitanda kikubwa halikunjwi na mtu mmoja. Atajaribu, na litakunjika, lakini litatoka limevimba kama shavu lenye jino bovu. Mashuka ya nyumba ya wageni yanatakiwa yapangane kama matofali. Kwa hiyo wanatakiwa wawili. Mmoja nilikuwa mimi, wa pili mke wangu, na kazi hiyo tuliifanya tangu ndevu zangu zikiwa nyeusi mpaka zikawa rangi ya hayo mashuka.

Mimi ni dobi. Shule sikwenda. Herufi alinifundisha yeye, ukubwani, kwa Biblia yake, na mpaka leo nasoma kama mtu anayevuka mto kwa kurukia mawe. Maneno mengi sina. Yeye alikuwa nayo ya kututosha wote. Wateja walimwita Mama Mashuka. Mimi nilimwita Mama, na yeye aliniita Mzee hata kabla sijazeeka.

Nyuma ya nyumba tuna kiwanja cha saruji, makarai, bomba na kamba za kuanikia. Asubuhi mimi nilifua, yeye akasuuza na kutia bluu ya kung'arisha, kisha tukakamua pamoja, yeye akisokota kushoto na mimi kulia mpaka maji yaishe. Alasiri tulianua, ndipo tukakunja. Yeye alishika ncha mbili upande wa ukuta, mimi ncha mbili upande wa mlango. Tunavuta linyooke. Tunakunja, tunavuta tena. Kisha ananijia, anaziweka ncha zake mkononi mwangu, anainama, anaokota pindo lililoning'inia, anarudi nyuma. Hata siku tulizonuniana, shuka lilitulazimisha tukutane.

Wakati wa kuvuta ndipo aliposali. Macho wazi. Alisema akifumba shuka litaburuta chini, na kufua mara mbili si utakatifu. Hakuwa na sala za kupanda mlima. Aliwaombea waliolalia mashuka hayo. Dobi anajua mengi bila kuambiwa. Shuka lina jasho la homa, lina damu, foronya ina wanja uliotiririka mpaka asubuhi.

"Bwana, huyu aliyelalia hili sisi hatumjui," alisema. "Wewe unamjua. Alilia. Mpumzishe."

Ananijia, vidole vyake vinagusa vyangu, nasema amina. Shuka moja, mtu mmoja. Yangu ilikuwa hiyo amina tu. Nilijiona nimepata kazi nyepesi.

Jirani yetu, ukuta kwa ukuta, ni fundi baiskeli. Ni mwembamba, watu wamemwita Spoku mpaka mkewe naye anamwita hivyo. Kanisani hufika akialikwa harusi. Sauti ya mke wangu ilimfikia kule kwenye matairi yake, naye hakuweza kunyamaza.

"Mama Mashuka, leo umeniombea?"

"Nimekuombea, baba."

"Mbona mnyororo umenikatikia?"

"Nilikuweka mwisho, pamoja na matambara. Huenda sala haijafika."

Nilikuwa nacheka chini chini. Nyumba yetu haikuwa na mali, ila kicheko hatukukikopa kwa mtu.

Si kwamba mambo yalikuwa mepesi. Mtoto wetu wa kwanza tulimzika akiwa anaanza kutambaa. Mimi nilifunga mdomo, kazi nikaiacha. Yeye alilia, akalia sana, kisha akatoka kiwanjani akafungua bomba. Nilimkasirikia. Nikamuuliza ana moyo gani.

Alinionyesha fungu la nguo zilizolowa. "Libebe."

Nikalibeba, likanivuta mgongo. Akalishika upande mwingine, tukalipeleka kwenye kamba.

"Ni lile lile, Mzee. Halikupungua hata foronya moja. Ila sasa lina watu wawili. Mimi langu nalibeba na Yesu. Peke yangu ningekuwa nimelala chini hapa."

Nilisikia. Lakini kusikia na kushika ni vitu viwili. Mimi nilijiegemeza kwake, na yeye akajiegemeza kwa Mungu, na miaka ikaenda hivyo. Baadaye tukapata binti, akakua, akaolewa mji mwingine.

Mwaka jana kifua kilimshika. Alikohoa majira yote ya baridi. Siku za mwisho binti yetu alikuja, akamshika mkono, mimi nikamshika miguu kwa sababu ilikuwa ya baridi. Aliondoka mchana, watu wakiendelea na shughuli zao, Spoku akigonga chuma upande wa pili wa ukuta. Kisha naye akaacha kugonga.

Nyumba ikajaa. Wanaume wakanikalisha kwenye kiti. Sikuweza kukaa. Nikatoka nyuma, na pale kwenye beseni lilikuwepo gauni lake la kijani, alilovuliwa asubuhi ile. Mikono yangu haikuniuliza. Ilifungua bomba, ikapaka sabuni, ikafikicha ukosi na kwapa, ikasuuza maji matatu. Nilipojitambua nilikuwa nalibana kwenye kamba.

Baada ya mazishi binti yangu alizunguka chumba kizima.

"Baba, lile gauni la mama la kijani liko wapi?"

"Nimelifua."

Alikaa kitandani. Hakunilaumu. Alisema tu, "Nilitaka kulinusa."

Nikalileta. Tukalinusa wote wawili, yeye upande wa shingo, mimi upande wa mkono. Lilinukia sabuni. Lilinukia kama nguo ya mteja yeyote. Maisha yangu yote nimesifiwa kwamba nguo ikipita kwangu haibaki na kitu.

Binti yangu alitaka nihamie kwake. "Utakaa na wajukuu, Baba. Kazi hii ilikuwa ya watu wawili." Nilimwambia nitafikiri. Ukweli ni kwamba niliogopa kukiacha kile kiwanja. Pale ndipo mahali pekee nilipowahi kuwa karibu na sala.

Maana kilichonishinda hasa si kupika wala kulala peke yangu. Nilitaka kusema na Mungu, mimi mwenyewe, nimwambie ninavyomtamani mke wangu. Sikutaka anirudishie, sijawa mjinga kiasi hicho. Nilitaka tu nimwambie, kwa sababu lilikuwa limenijaa mpaka kooni. Na sikujua pa kuanzia. Nilikaa na kusema, "Bwana." Kisha basi. Kama mtu aliyebisha hodi, mlango ukafunguliwa, akasahau alichojia. Kanisani nilikaa na wenzangu, wakasali, nikasema amina kama kawaida. Nikirudi nyumbani hapakuwa na sala ya kuitikia.

Mchungaji alinitembelea. Ni kijana, mpole.

"Mzee, uchungu wako mwambie Bwana," alisema.

"Namwambiaje?"

"Kama unavyoongea na mimi."

"Na wewe siongei."

Alicheka, kisha akaona aibu kwa kucheka. Akakaa nami muda mrefu, na kwa hilo nilimshukuru. Lakini alipoondoka nilibaki pale pale. Waliosema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi walijua walichosema. Si ubaya wa watu. Ndivyo mzigo ulivyo, hauonekani uzito mpaka ukae begani.

Kazi ikaharibika. Nilijaribu kukunja peke yangu, ncha moja nimeifunga kwenye nguzo. Mwenye nyumba ya wageni, mama mmoja asiyemung'unya maneno, aliyarudisha mashuka yake.

"Dobi, pole bado nakupa. Lakini haya yamekunjwa na mtu mwenye ugomvi na mashuka."

"Ni nguzo."

"Kwani kazi niliipa nguzo? Yarekebishe. Ikishindikana niambie, nitafute mwingine, na tusilaumiane."

Akaenda. Nikasimama katikati ya kiwanja na fungu zima miguuni. Nikawaza kumpigia binti yangu simu aje anichukue. Kichwa cha Spoku kikatokea juu ya ukuta.

"Nimesikia."

"Wewe husikia kila kitu."

"Ukuta ni wako, ungeujenga mrefu." Akazunguka, akaingia. "Haya, nionyeshe."

"Mikono kwanza."

"Imefanya nini?"

"Ina grisi."

Aliinawa. Nikaitazama, nikamrudisha bombani. Aliinawa tena, akaninyooshea ninuse kama mtoto kabla ya chakula. Nikampa ncha mbili, upande wa ukuta. Mara ya kwanza alivuta nikapepesuka. Mara ya pili aliachia, shuka likanifunika uso.

"Hili si tairi," nikamwambia.

"Tairi lina adabu. Linajua umbo lake."

Tukakunja moja, likakubali. Tukakunja la pili. Tulipovuta la tatu Spoku akasimama nalo.

"Hapa panatisha," alisema.

"Kwa nini?"

"Kimya. Mama Mashuka alikuwa anasema hapa. Mimi nimeziba pancha miaka yote na ile sauti. Mbona wewe husemi?"

"Yeye alikuwa anasali."

"Basi sali."

"Siwezi. Sina maneno."

Hakunicheka. Alilitazama shuka kana kwamba ndilo lililomjibu.

"Ukienda kupeleka nguo alikuwa anabaki na foronya," alisema. "Hizo alizikunja mwenyewe. Na hapo alikuombea wewe."

Sikujua. Aliwaombea wote mbele yangu, na mimi nilidhani nimo humo humo kwenye kundi.

"Alisemaje?"

"Mimi si mtu wa kusikiliza ya nyumba za watu."

"Spoku."

"Alisema, Bwana, huyu wangu hana maneno. Usimngojee aseme vizuri. Mpokee hivyo hivyo alivyo." Akakohoa kidogo. "Nilicheka peke yangu, nikajigonga kidole kwa nyundo. Kwa hiyo nakumbuka."

Nikashikilia ncha zangu. Upepo ulikuwa unalijaza shuka kwa chini. Nilimwona mke wangu moyoni, jinsi alivyosimama pale, foronya kifuani, akiniombea ruhusa ya kuingia bila viatu vizuri. Na mimi nilikuwa mlangoni muda wote huu natafuta viatu.

"Bwana," nikasema. Kisha kama kawaida, kimya.

"Vuta," alisema Spoku taratibu. "Linalegea."

Nikavuta.

"Bwana, mke wangu hayupo. Namtaka. Nikiamka namtaka, nikianua namtaka. Harufu yake niliifua. Imenilemea. Wewe ulisema waliolemewa waje. Nimekuja."

Yalikuwa hayo. Sikuwa na mengine, na sikuyatafuta. Machozi yalinitoka na sikuweza kuyafuta kwa sababu mikono ilikuwa na shuka. Spoku aliangalia pembeni, akiwa ameshika ncha zake vizuri kuliko alivyozishika tangu tuanze. Kisha akanijia. Vidole vyake ni vigumu, kucha moja imepasuka. Niliogopa kuvigusa mahali hapo. Aliziweka ncha mkononi mwangu, nikazipokea.

Kitu kilishuka kifuani. Sijui kukieleza zaidi ya hapo. Mke wangu hakurudi, na pengo lake lilikuwa pana vile vile. Ila kwa mara ya kwanza tangu aondoke sikuwa mwenyewe ndani yake. Mtu fulani alikuwa amenisikia na hakunisahihisha.

Tukamaliza fungu lote. Kwenye mengine sikusema kitu, kwenye moja lililokuwa na doa la dawa nilisema, "Na huyu pia." Spoku alitaka kujua kama na yeye ameingia kwenye sala. Nikamwambia ameingia, tena si mwisho.

"Unaona," alisema, "nimepandishwa cheo."

Mama wa nyumba ya wageni aliyapokea, akapitisha kiganja kwenye kingo, akanipa fungu jingine. Kwake hiyo ni sifa.

Jumapili binti yangu alinipigia simu.

"Baba, umeamua? Nije nikuchukue?"

"Hapana, mwanangu. Nitakaa."

"Na kazi?"

"Nakunja na Spoku."

"Spoku? Baba, mashuka meupe?"

"Ananawa."

Akacheka, kicheko cha mama yake kabisa. Alipotulia akaniuliza kwa sauti ndogo, "Unamkumbuka sana?"

"Sana. Jana nimemwambia Mungu."

Tangu azaliwe hajawahi kunisikia nikisali.

"Wewe, Baba? Umemwambia nini?"

"Kwamba namkumbuka."

"Akasemaje?"

"Hajasema kitu," nikamjibu. "Lakini hakuondoka."

Nikasikia anavuta pumzi. Kisha akaniomba, kama alivyokuwa akimwomba mama yake zamani, nisali na yeye asikie. Nikamwambia sijui kusema vizuri. Akasema haidhuru. Nikabadilisha simu sikio, nikaanza.