Ncha ya Ulimi

Mama Upawa alitoka darasani msikitini amevaa ndala za mtu mwingine, na wala hakurudi kuzibadilisha. Hasira zilikuwa zimempanda mpaka utosini. Wenzake walimwita, hakugeuka. Alishika njia moja kwa moja mpaka dukani kwa shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, muuza viatu.

Jina la Upawa alipewa jikoni hospitalini, alikopikia wagonjwa tangu yu msichana, kwenye masufuria ambayo mtu angeweza kuogea ndani. Supu ya mgonjwa wa presha ikizidi chumvi, anayeulizwa ni yeye. Kwa hiyo alionja. Hata Ramadhani alionja: tone kwenye ncha ya ulimi, akatema, akasukutua, akaendelea na kazi.

Mwaka mmoja shemeji akamuuliza wakati wa kufuturu, mdomo umejaa chakula alichopika Mama Upawa mwenyewe, "Hivi shemeji, chumvi unaijuaje na umefunga?" Akamweleza. Bwana yule akaweka kijiko chini. "Basi hujafunga. Ramadhani zako zote umeshinda njaa bure. Zilipe kabla hujafa." Hakusema labda. Hakusema ngoja tuulize. Alikata hukumu kama kadhi, yeye anayejua soli na kamba tu, kisha akaokota kijiko akaendelea kula.

Mama Upawa alilia, halafu akaanza kulipa. Kwanza Jumatatu na Alhamisi, baadaye karibu kila siku, maana miaka ya kulipa ilikuwa mingi na umri unakwenda. Wakati huo mumewe alishaachishwa udereva kwa ajili ya moyo. Kila asubuhi alichemsha chai, hicho ndicho kitu pekee alichojua kupika, akapanga vikombe viwili mezani.

"Leo hujafunga, nikumiminie chai?"

"Nimefunga, mume wangu."

"Haya, Mungu akukubalie."

Anarudisha kikombe kimoja kabatini, anakunywa peke yake akitazama dirishani. Hakulalamika hata siku moja. Mwaka jana moyo ukagoma, wakamzika, na mkewe alikuwa bado analipa.

Leo darasani bi harusi mmoja akauliza kama mpishi aliyefunga anaweza kuonja chumvi, anacheka kwa aibu. Sheikh wala hakukuna kichwa. "Mpishi ana haja. Onja kwa ncha ya ulimi, uteme, usimeze. Funga yako ni sahihi, hulipi kitu." Akapokea swali jingine, la udhu. Mama Upawa hakulisikia.

Shemeji alikuwa amepiga magoti dukani, anamvisha mteja kiatu. Mama Upawa hakungoja mteja aondoke. Alimweleza yote palepale.

"Aa, shemeji," akasema yule bwana, akijipangusa magoti. "Kwani umepoteza nini? Funga zote hizo ni thawabu, umejiwekea akiba yako."

"Ulijua au hukujua?"

"Unajua, mambo ya dini..."

"Nimekuuliza, ulijua au hukujua?"

Mteja akavua kiatu taratibu, akakirudisha kwenye boksi.

"Sikujua," akasema shemeji.

"Sasa siku ile ulishindwa nini kusema hivyo? Neno moja tu. Ungelisema, ningekwenda kumuuliza anayejua, na mambo yangeishia hapo."

Shemeji akavuta kigoda, akakifuta kwa mkono, akakisogeza karibu naye. Alikuwa na sauti ileile ya kaka yake, nzito na ya upole, na hilo nalo lilimuudhi Mama Upawa.

"Kaa basi upoe, shemeji. Leo hujafunga, nikuagizie chai?"

Mama Upawa alikisukuma kile kigoda pembeni.

"Maneno hayo nimemkatalia ndugu yako mpaka amekufa," alisema. "Kwa ajili yako. Halafu niyakubali kwako?"