Kaka Aliyecheka Msibani

Kaka yangu alikuwa fundi makochi, na kwake kochi halikuwa limekwisha mpaka alilalie. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya karakana yetu. Akishapigilia msumari wa mwisho hujitupa kwenye kochi jipya, akafumba macho, na mimi natembea kwa ncha za vidole dakika kumi au kumi na tano. Akiamka anasimulia alichoota. Kama aliota anaelea, au anatembea bustanini bila viatu, mteja anaitwa aje achukue mali yake. Kama aliota anafukuzwa, kitambaa kinavuliwa na kochi linafumuliwa upya, hata kama mwenyewe yuko mlangoni na gari la kukodi. Mteja mmoja alimwambia, "Fundi, mimi nilileta kochi, sikuleta kitanda." Kaka akamjibu kwamba kochi lisilomlaza mtu ni benchi lililovaa nguo.

Mimi ni mdogo wake. Kazi yangu ni kushona vitambaa vya kuvalisha makochi hayo. Miaka ishirini na saba tulikaa chumba kimoja, yeye upande wa mlango, mimi upande wa dirisha, na katikati yetu vumbi la sponji likielea kwenye mwanga wa mchana, halina haraka ya kutua. Kuna saa, baada ya chakula cha mchana, nilikuwa nashona huku nimesinzia, na sikujua kama mlio ninaousikia ni wa cherehani yangu au wa nyundo yake. Hatukuongea sana. Kinywa cha kaka kilijaa misumari midogo muda wote wa kazi, akaitoa mmoja mmoja kwa ulimi. Watu walidhani ni mpole. Mpole wapi! Akishaitema ile misumari anaweza kukusema mpaka utafute pa kupita.

Sina mume wala mtoto. Nilikuwa na kaka na cherehani, na vilinitosha.

Kiharusi kilimkuta asubuhi moja akivuta mikanda ya kubebea sponji kwenye fremu. Nilisikia misumari ikimwagika sakafuni, nikasema bila kugeuka, "Umeanza lini kutupa mali?" Nilipogeuka alikuwa amekaa chini, anautazama mkono wake wa kulia kana kwamba kuna mtu ameusahau pale.

Hospitali waliurudisha uhai, lakini maneno hayakurudi. "Ndiyo" na "hapana" zilibaki, ila zilichanganyika. Unamuuliza kama anataka maji, anasema hapana huku anapokea glasi. Hata kichwa kilitikisika vyovyote kilivyotaka. Kilichobaki cha kumsoma ni uso, na uso wa kaka, ambao zamani haukusema kitu, sasa ulikuwa unapiga kelele. Alicheka mpaka akapaliwa. Alilia mpaka jirani muuza vioo akaja kuuliza kuna nini.

"Afadhali hivi," alisema Wifi, mke wake. "Miaka yote hii nimeishi na mtu sijui amefurahi au amenuna. Leo angalau namjua."

Wifi na mimi tumetaniana tangu siku alipoolewa. Aliniita mke mkubwa, kwa sababu nilikaa na mumewe saa nyingi kuliko yeye. Mimi nilimwita mgeni. Tulicheka, na utani ukaendelea kufanya kazi yake ya kufunika mambo.

Kisha akaja mtoto wao wa kiume, anayefanya kazi mji mwingine, mbali. Ana nyumba kubwa, ana chumba cha chini kisicho na ngazi, na hospitali ya mazoezi iko karibu naye. Alipiga magoti mbele ya kiti cha baba yake. "Baba, nimekuja kuwachukua wewe na mama. Mkaishi kwangu. Karakana tuifunge, upumzike. Unasemaje?"

Kaka akacheka. Alicheka akashika mbavu kwa mkono wake mzima, machozi yakamtoka, akacheka tena.

"Umeona?" Wifi alipiga makofi. "Umeona alivyofurahi? Mungu wangu, sijamwona hivi tangu ujana."

Hakuna aliyeniuliza mimi nitabaki na nani, na sikutegemea kuulizwa. Nikasema nina kazi ya watu, nikaenda zangu karakanani, nikashona mshono mmoja mara tatu.

Lilikuwa limebaki kochi moja ambalo kaka hakulimaliza, la mwalimu fulani. Nililimaliza mwenyewe, nikapigilia kwa mkono usiozoea, nikamwita kaka aje alilalie, maana sheria ni sheria. Tulimlaza. Akasinzia. Nje jua lilikuwa kali, ndani kulikuwa na ule mwanga wa rangi ya chai, na kwa robo saa ilikuwa kama hakuna aliyewahi kuugua. Alivyopumua, alivyokunja mguu, yote yalikuwa yake yaleyale. Nilitamani saa isimame.

Akaamka, akaangalia dari, akaangalia meza yake na mashine yangu, akaanza kulia kwa sauti.

Wifi alikuwa mlangoni. "Unaona sasa? Mahali hapa panamtesa. Anakumbuka alichopoteza. Wifi yangu, tafadhali, usimlete tena humu."

Akitajiwa safari anacheka, akiletwa karakanani analia. Hata mtoto wa chekechea angeelewa. Nililala siku kadhaa bila kuota kitu chochote, nikaanza kupanga vitambaa kwenye maboksi.

Ndipo akafa Fundi Vanishi. Huyu alikuwa rafiki wa kaka wa kufa na kuzikana, mpiga rangi wa fremu zetu tangu tulipofungua. Kila jioni walikaa kwenye ngazi ya karakana, hawasemi neno, mmoja ananuka vanishi na mwingine gundi. Tulimpeleka kaka msibani kwa kiti cha magurudumu. Watu wametulia, mjane na watoto wanalia taratibu, na sisi tukamsogeza karibu na picha ya marehemu.

Kaka akacheka.

Alicheka vilevile alivyomchekea mwanawe. Mbavu, machozi, kupaliwa. Watu wakageuka. Ndugu mmoja wa marehemu akasema kwa hasira, "Mtoeni mzee wenu," na Wifi alijifunika uso kwa mtandio, na mtoto wao akashika kiti ili akivute nyuma. Kaka akashika mguu wa meza ya picha kwa mkono wake wa kushoto. Alikataa kuvutwa. Anacheka na ameng'ang'ania, vidole vimekuwa vyeupe.

Kaka yangu hawezi kumchekea Fundi Vanishi. Najua hivyo kama ninavyojua jina langu. Basi kile kicheko si furaha. Na kama pale si furaha, kwa nini kwenye habari ya safari iwe furaha?

Kesho yake niliambatana nao hospitali. Mtaalamu wa mazoezi ni binti mdogo tu, lakini ana subira ya kunyoosha mkono wa mtu kidole kwa kidole. Nikamweleza yote. Hakushangaa.

"Mama, furaha na huzuni bado anavyo, na anavihisi kama wewe na mimi," alisema. "Kilichoumia kwenye ubongo ni njia inayotoka kule ndani mpaka usoni, na breki zake. Zamani akitaka kulia mbele za watu alijizuia. Sasa hawezi kuzuia wala kuchagua. Jambo likimgusa, kinachotangulia kufika ndicho kinachotoka, kiwe kicheko, kiwe kilio."

Nikaruka. "Kwa hiyo akicheka ana huzuni! Akilia ndio amefurahi!"

"Hapana, mama. Usimgeuze nje ndani kama shati. Uso wake usiuulize kabisa, si wa mbele wala wa nyuma."

"Sasa nitamjuaje?"

"Angalia anakoelekea. Kitu ukikipenda mwili unakisogelea, ukikichukia unajivuta. Hilo halijaharibika. Na mvumilie, kwa sababu mtu anaweza kuhisi mawili kwa wakati mmoja. Hata sisi wazima tunahisi mawili."

Hilo la mwisho nilisikia kwa sikio moja. Nilikuwa nimeshapata nilichotaka. Njia nzima ya kurudi nilikuwa natabasamu dirishani, miti inapita, nyumba zinapita, na mimi nimeshamrudisha kaka kwenye benchi lake na misumari mdomoni.

Nikawa mbogo. Nikasema safari haiendi mpaka kaka achague mwenyewe. Mtoto wao akasema, "Shangazi, tutamfanyia baba mtihani?" Nikasema ndiyo, na wewe ndiye msimamizi. Wifi hakubisha. Aliniangalia tu muda mrefu, akasema, "Sawa. Kama ndivyo utakavyoridhika."

Asubuhi ya safari gari lilisimama upande mmoja wa ua. Upande wa pili nilifungua milango yote miwili ya karakana. Nilikuwa nimefagia, nimewasha taa mchana kweupe, nimepanga nyundo na mikanda yake mezani, nimeweka fremu tupu inayomsubiri. Nilijipendelea, sikatai. Tukamsimamisha kaka katikati na fimbo yake, tukamwachia. Mimi nikasimama mlangoni kwangu. Wifi akaketi kwenye kiti cha nyuma cha gari, mlango wazi, mikono mapajani.

Kaka alisimama anayumba kidogo. Kisha fimbo ikageuka upande wangu.

Alikuja. Mguu mmoja unatembea, mwingine unaburutwa, anakuja, na mimi nikaanza kulia kabla hajafika. Alifika kizingitini. Akaangalia ndani, taa, meza, fremu, akaanza kucheka kile kicheko chake cha kutisha. Akaweka mkono wa kushoto begani kwangu, na uzito wake wote ukanilalia, nikasikia moyo wake unavyogonga. Sijui tulisimama vile muda gani. Vumbi la sponji lilikuwa linaelea nyuma yangu, nililiona kwenye miwani yake.

Halafu akatoa mkono, akageuza fimbo, akaanza kuuvuka ua kurudi.

Ilimchukua muda mrefu. Katikati alipumzika mara mbili, na hakuna aliyemsaidia kwa sababu mimi ndiye niliyekataza. Alipofika kwenye gari Wifi alinyoosha mkono, kaka akaushika kwa nguvu, akaingia, akaegemea bega lake kabla hata mguu wa pili haujaingia.

Nilipandwa na hasira, na sitasema uongo, haikuwa hasira ya kiharusi wala ya Wifi. Nilimkasirikia kaka mwenyewe. Nikasema kwa sauti, "Basi nenda!" Nilikuwa nimemwekea karakana huku na gari kule, nikadhani nimempa vitu viwili achague. Kumbe Wifi alikuwa upande ule, na mimi upande huu, na hilo peke yake sikuwa nimeliona. Yeye aliliona. Mwanamke ambaye miaka yote nilimwita mgeni.

Gari likatoka. Kaka alicheka mpaka linakata kona, na muuza vioo akapunga mkono, akaniambia, "Fundi anasafiri kwa raha kweli." Nikaingia ndani nikazima taa.

Siku zilizofuata sikuzihesabu. Nilishona. Nilipigilia misumari pia, kwa sababu wateja hawajui kwamba mtu amebaki peke yake. Wakati mwingine nilikuwa nasimama katikati ya chumba, mkasi mkononi, nimesahau nilikuwa naenda wapi. Nilikuwa najiambia kwamba kwake mimi ni wa pili, si wa kwanza, na kwamba mtu wa pili hasubiri simu.

Simu ikalia alasiri moja. Alikuwa Wifi, anahema.

"Wifi, hujambo? Nimemwekea kaka yako simu sikioni mapema leo, ule ujumbe wako wa sauti uliotutumia siku ya safari kutuuliza kama tumefika. Ameusikiliza, amelia, amelia, jirani wamekuja. Nimejaribu sasa hivi tena, ni hivyo hivyo. Unamsikia?"

Nilimsikia. Kilio cha mtu mzima, kinapanda na kushuka.

"Tunamuumiza," Wifi akasema. "Labda tusiwe tunapiga. Nimwondolee?"

"Anafanya nini?"

"Si nakwambia analia!"

"Uso sijakuuliza, Wifi. Mkono wake uko wapi?"

Nikasikia simu inakwaruzwa, na sauti ya Wifi ikiwa mbali kidogo, kana kwamba anavutana na mtu.

"Ameishika hii simu," akasema. "Naivuta, haachii. Ameikumbatia kifuani, imebidi niongee nimeinama. Sasa nifanyeje?"

Nilikaa chini, palepale sakafuni, kati ya mabaki ya vitambaa.

"Usiivute," nikasema. "Mwache nayo. Nenda kafanye kazi zako."

Akaenda. Nikasikia kaka anapumua karibu sana, analia bado, na mimi nikaanza kumsimulia kila kitu kilichopita karakanani tangu lile gari lilipokata kona.