Shaba ya ku Muguu ya Kambo

Juzi mujukulu wangu Mwadi alinipigia simu kutoka ku soko. Mu nyumba yake ya Kasungami aliweka redio, ile ya kusema na bantu ba mbali kwa furaha tu, na sasa alikuwa anatafuta waya ya kushusha mu udongo, juu ya radi.

"Kambo, muuzaji anasema aluminiamu iko bei muzuri. Nikamate?"

"Hapana, mama. Omba shaba, ya munene."

Akacheka. "Nani alikufundisha mambo ya radi?"

Roho yangu ilikuwa imeisha kurudia Katuba, ku nyumba ya utoto wangu.

Baba yangu alikuwa fundi wa telegrafu ku reli, na serikali ilimupa ruhusa ya kuwa na redio kwake. Ilikaa mu pembe ya salon, mule mwa kupokea bageni, chini ya kitambaa ya Mama. Siku ya Mungu, nyuma ya misa, sombe, majani ya muhogo, ingali ku makala, redio ilikuwa inalia sawa mafuta mu kikaango, kisha sauti ya Yumba inatoka. Yumba alikuwa kitinda mimba wa Kambo yangu, mama ya Baba. Alikuwa mwalimu ku misioni, mbali sana, kule Katanga ya kaskazini, na padri wa kule alikuwa na redio sawa ya Baba. Kambo alikuwa anavaa kitambaa ya kanisa ku kichwa ndipo amuulize: "Yumba, unakulaka?"

"Ninakulaka, Mama."

Ile tu. Kisha anaenda kusonga bukari, na hakuna muntu anamusumbua.

Mwaka mumoja mvua ilianza na radi mubaya. Ilipasua muti wa avoka ya jirani, Mama Kabedi. Akakuja ku lupango, mu kiwanja yetu: "Ile waya yenu ya juu ndiyo inaita radi. Imemaliza avoka yangu, kesho inaingia kwenu kula bukari."

Tulicheka sisi wote, ila Mama. Mama alisema antene, ile waya ya juu, ishuke mupaka mvua iishe. Baba akaenda kuchimbua waya ya udongo, ile ya kupeleka radi chini. Ilikuwa ya chuma. Kutu ilikuwa imeikula, ikavunjika mu vidole vyake sawa biskuti.

"Inatakiwa shaba," Baba akasema, "ya munene, ya mufupi, ishuke moja kwa moja bila kujikunja." Lakini ataipata wapi? Shaba ilipita mbele yetu kila siku mu mabehewa. Ku maduka haikuwa, na muntu wa kukutwa na shaba kwake, balinzi ba mugodi balimuuliza aliiokota wapi.

Mvua kwetu inadumu miezi mingi. Kambo alikuwa anakohoa. Akauliza, "Basi Yumba nitamusikia wakati gani?"

Akakaa ku baraza, akanyosha muguu. Pale kulikuwa shaba ya zamani, waya munene ya kuzungushwa mara na mara, balimuvalisha alipoolewa. Sikuwa nimepata kuuona ule muguu bila shaba.

"Kamata koleo."

"Mama, hii ni ya ndoa yenu," Baba akakataa.

"Bwana yangu alikufa. Mutoto wangu angali anasema. Fungua."

Baba akaifungua pole pole, akaipitisha ku makala ilainike, akainyosha. Mama mwenyewe alileta majivu na ndimu ya kuisugua. Ikashuka ku ukuta mupaka ku nondo mu udongo. Radi ikilia, Baba alikuwa angali anachomoa antene. Lakini siku ya Mungu ikifika, Yumba alisikika. "Unakulaka?" "Ninakulaka." Kambo hakumuambia kitu juu ya shaba.

Sasa mule mu nyumba munakaa bantu bengine. Nilipita, ukuta balipiga simenti mupya, waya haiko. Pengine balishaiuza kwa kilo. Yumba haiko, Mama Kabedi haiko, Baba na Mama habako. Majina yao ninayataja mu sala, hata moja sijasahau.

Mwadi alinunua shaba. Nilimuomba aniite siku ya kuishusha, niishike kwanza.

Kwa maana nikifunga macho, sioni redio. Ninaona muguu wa Kambo, ile fasi shaba ilikuwa imekaa, ngozi iko mweupe na laini sawa ya mutoto. Magaribi alikuwa anaipakaa mawese. Siku moja nilimuuliza kama inamuuma.

"Hapana," akasema. "Inasikia baridi tu."